Mchanga Wenye Mlinzi

Jasho la Mayala, sehemu ya saba

Shusheni pumzi. Mkono ulikuwa wa Mayala.

Kwa ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hajalisoma: Mzee Ansgar, mkulima wa mpunga wa Ushirombo, alifunga safari hadi machimbo ya Nyamatundu, huku Geita, kuwakagua vijana wawili wanaomtaka binti yake Lukresia. Aliwapanga mbele ya banda ambamo Lukresia huwauzia wachimbaji mabuti na tochi za kichwani. Akafumba macho. Akakamata mkono mmoja kulia, mwingine kushoto, akaminya viganja kama mtu anayechagua parachichi sokoni, kisha akanguruma: "Mkwe wangu ni huyu!"

Basi akafumbua macho, akauinua juu mkono wa kulia. Mkono mweusi, mpana, wenye sugu ngumu kama soli ya kandambili za tairi.

"Huu ndio mkono!" alisema. "Huu ukimpiga ng'ombe kofi, anasahau njia ya nyumbani!"

Wachimbaji wakashangilia. Mayala akavimba kifua mpaka fulana ikalalamika.

Mkono wa kushoto ulikuwa wa Onesmo. Mzee aliurudisha kwa mwenyewe taratibu, kama mtu anayemrudishia jirani sufuria.

"Wewe kijana, mikono hii unaitumia kwa kazi gani?"

"Kushikia kipaza sauti, mzee wangu."

"Ni mwimbaji?"

"Hapana, mzee. Mimi mhamasishaji. Naendesha semina ukumbini kule Kambarage, Shinyanga. Dunia ya leo haihitaji kazi ngumu. Inahitaji mtu atengeneze thamani."

"Na wewe unaitengenezea wapi? Una karakana?"

"Kichwani, mzee."

Mzee Ansgar akakitazama kichwa cha Onesmo, kilichonyolewa vizuri pembeni na kuachwa msitu mdogo juu.

"Kichwani. Na ikishakamilika, huwa inatokea upande gani?"

Hakuna aliyecheka kumshinda Mayala. Alikuwa na haki. Katika machimbo yote ya Nyamatundu, wenzake walimwita Katapila. Aliingia duarani, yaani kwenye lile shimo lake la dhahabu, kabla ya jua kuchomoza, na akatoka akiwa hana hakika kama lilichomoza. Ukimpa kazi ya kuchimba choo inabidi umsimamie, asije akatokezea Mwadui, kwenye migodi ya almasi.

Kwa Mayala dunia ilikuwa nyepesi kueleweka: anayetoka jasho jingi, hupata vingi. Kwamba yeye alitoka jasho kuliko wote na bado alikuwa analalia gunia lilikuwa kasoro ndogo tu, ambayo kwa maoni yake ingerekebishwa kwa kuongeza jasho.

Lakini Lukresia hakucheka. Alikuwa ameegemea mlingoti wa banda, mikono kifuani, anamwangalia Mayala kwa jicho la mtu aliyempenda mtu na kumkasirikia siku hiyo hiyo.

"Baba," alisema, "mkono umeuona. Sasa muulize hilo jasho lote limekwenda wapi."

Wachimbaji wakasogea karibu.

"Swali zuri," alisema Mzee. "Jasho limekwenda wapi, mkwe?"

"Limo kwenye viroba, mzee!" alijibu Mayala bila kusita. "Mawe yangu yote yapo kwa Mama Blessing. Leo tunasaga. Twende ukashuhudie kwa macho yako."

"Twende. Na nikirudi kutoka huko," alisema Mzee, "nitakuwa nimeshajua namwacha Lukresia hapa au naondoka naye."

Mnaona mambo? Mtu ameshapewa mke kwa kiganja, akaenda mwenyewe kuomba apimwe tena.

* * *

Karasha la Mama Blessing, mashine yake ya kusagia mawe, lipo mwisho wa machimbo. Getini pana kibao kikubwa: SAGA BURE. MUNGU NDIYE MLIPAJI.

Bure kweli. Unaleta mawe yako, unasaga, unaosha, unachukua dhahabu yako, unakwenda zako. Hudaiwi hata senti. Kuna na chai ya rangi. Wachimbaji humwombea mama huyo kila jioni, na wapo waliowapa mabinti zao jina lake.

Kitu kimoja tu hubaki: marudio, yaani ule mchanga uliokwisha sagwa na kuoshwa. Huo huachiwa mwenye karasha. Ndiyo desturi. Ilianzishwa na nani? Na wenye makarasha, nani mwingine?

Mawe ya Mayala yakamiminwa. Ngoma ya chuma ikazunguka, vyuma vikatwanga ndani, masikio yakaziba. Unga ukatoka, ukapitishwa kwenye maji juu ya vipande vya zulia, ukatiwa zebaki, ukakamuliwa kwenye kitambaa. Mayala mwenyewe ndiye aliyekamua. Alikamua kwa nguvu zote mishipa ikamtoka shingoni, maana hata kwenye kitambaa aliamini ukiongeza nguvu kitatoka kingine.

Akafungua kiganja kwa madaha.

Mzee Ansgar akainama. Akavaa miwani. Akainama zaidi.

"Sioni vizuri. Kimedondoka?"

"Hapana, mzee. Ndicho hiki."

"Hiki?"

"Ndicho."

"Umechimba tangu lini kupata hiki?"

"Tangu Kwaresima, mzee."

"Kwaresima ipi?"

Mayala akakohoa. "Duara lina majira yake, mzee. Kuna kipindi linabana. Nikiongeza bidii kidogo, nikawa nashinda kutwa na kucha..."

"Kutwa na kucha unashinda tayari," alisema Lukresia. "Labda uombe siku iongezwe urefu."

Mzee hakuwa akisikiliza. Alikuwa anatazama nyuma ya karasha, kwenye lundo la mchanga wa kijivu refu kama nyumba. Kando yake kulikuwa na kibanda, na mbele ya kibanda mlinzi aitwaye Mageni, rungu mapajani. Pembeni yake mbwa.

"Yule bwana analinda nini?"

"Marudio, mzee. Mchanga tulioacha."

"Una nini ndani yake?"

"Aa, hakuna kitu. Vumbi la dhahabu kidogo tu, makombo. Uchafu."

"Uchafu una mlinzi?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mbwa?"

"Huyo mbwa mkali sana, mzee!" alisema Mayala kwa fahari, kama vile ni wake.

"Na viroba vyako vya mawe, ambavyo havijasagwa bado, ulivyoviacha hapa nje tangu juzi, vililindwa na nani?"

Mayala akafikiri. Ilionekana akifikiri. Paji la uso likakunjamana kama lilikuwa linabeba mzigo.

"Na Mungu, mzee."

Mzee Ansgar akavua miwani.

"Sikiliza, kijana. Kwetu mtu anapeleka mpunga mashineni kukoboa. Mwenye mashine akikwambia usilipe chochote, wewe niachie pumba tu, utafanyaje? Unabeba mpunga wako unatafuta mashine nyingine. Na zile ni pumba kweli, zinaliwa na nguruwe. Hizi za kwenu zinaliwa na nani?"

Hapo ndipo Onesmo alipoharibu kila kitu.

Alikuwa amewafuata kimyakimya, anaifuta vumbi suti yake kila hatua. Angenyamaza angeshinda siku ile. Lakini mhamasishaji aliyeulizwa swali, hata kama hakuulizwa yeye, hawezi kunyamaza, atakufa.

"Swali la kiwango cha juu sana hilo, mzee wangu!" aliruka mbele. "Ngoja nikufafanulie. Zebaki hukamata dhahabu nene tu. Ile ya unga hubaki humo mchangani. Mama anaupeleka plenti, kwenye matangi, unalowekwa kwa dawa, dhahabu yote inatoka. Tena inatoka kuliko hiyo wanayoondoka nayo hawa. Yeye hachimbi hata shimo la kupandia mgomba! Ndiyo thamani hiyo, mzee. Jasho wanatoka wao, thamani inabaki kwake."

"Ahaa. Na wewe unahusikaje?"

"Mimi ndiye ninayewahamasisha walete mawe hapa badala ya kwingine," alisema Onesmo, akajishika kola. "Kiroba kikiingia, mama ananikumbuka. Sasa niambie, mzee, mkwe wako nani hapo? Anayechimba, au anayejua mchimbaji anakwenda wapi?"

Palikuwa na watu wanne tu waliosikia maneno hayo: Mzee, Lukresia, Onesmo na Mayala. Mbwa alisikia pia, ila yeye alikuwa anajua siku nyingi.

Mayala alibaki amesimama na kipunje chake kiganjani. Kifuani, kwenye fulana iliyoloa, maandishi ya semina ya Onesmo yalisomeka bado: TOKA KWENYE JASHO. Alizawadiwa fulana ile ukumbini, na tangu siku hiyo alikuwa anachimbia hiyo hiyo.

"Onesmo," alisema polepole. "Tunakula ugali sahani moja. Ulikuwa unajua?"

"Mbona niliwafundisha! Nilisema ukumbini, kwa sauti: thamani iko pale usipopaangalia!"

"Hukusema ni kwenye marudio!"

"Hiyo iko kwenye semina ya pili, ndugu yangu. Wewe ulilipia ya kwanza."

Mayala alimrukia. Onesmo, ambaye mikono yake haikuwa na nguvu ila miguu ilikuwa nayo, akawa tayari yuko upande wa pili wa karasha.

Mzee Ansgar akatikisa kichwa.

"Kijana," alimwambia Mayala, bila ukali, na ndiyo maana ilichoma zaidi, "mkono wako ni mzuri sana. Ila naona umeshauoza kwa mama mwingine. Nikikupa binti yangu, mtakuwa wawili mnaomfanyia kazi. Lukresia, kafunge mkoba wako. Tunaondoka."

Lukresia alimtazama Mayala. Alisubiri aseme neno. Neno lolote.

Mayala alijibu kwa miguu. Akatimka, akampita Mageni, akamruka mbwa, akapanda lundo la marudio kwa mikono na magoti mpaka kileleni, akasimama huko na kupiga ukelele:

"Sishuki! Sishuki hapa mpaka nipate changu!"

* * *

Machimboni habari haitembei, inalipuka. Mageni alipiga filimbi. Vichwa vikatoka mashimoni kimoja kimoja, vyeupe kwa vumbi.

"Kuna nini?"

"Katapila kapanda marudio!"

"Kaona nini huko?"

"Sijui, ila mtu hapandi bure!"

Dakika chache baadaye eneo lote limejaa. Wengine wamekuja na sululu, kwa tahadhari. Jamaa mmoja alishaanza kupima kwa hatua kipande cha ardhi ambacho angedai ni chake.

"Sema, Katapila! Kuna nini huko juu?"

Mayala akafungua mdomo. Na wakati huo huo geti likafunguka.

Gari jeupe likaingia, na nyuma yake tipa tupu. Tipa lilikuwa limekuja kubeba marudio kuyapeleka plenti, kama lifanyavyo kila lundo likifikia urefu ule. Mlango wa gari ukafunguka, akashuka Mama Blessing mwenyewe, kitenge cha nta, miwani ya jua, tabasamu la mtu anayegawa pipi.

"Shikamoo, mama!" uwanja mzima ukaamkia.

"Marahaba, wanangu. Mmekunywa chai?"

"Tumekunywa, mama!"

Alitazama umati, akatazama kileleni, na tabasamu halikutikisika. Akavua viatu vyake, akavishika mkononi, akapanda lile lundo taratibu mpaka kwa Mayala, akamwekea mkono begani kama mama na mwana. Wa chini waliona upendo. Maneno hawakuyasikia, maana mama alinong'ona.

"Mayala mwanangu. Kelele za nini baina yetu? Nusu ya lundo hili ni yako."

"Nusu?"

"Nusu. Na kuanzia kesho unasimamia karasha. Unakaa kivulini, mguu juu ya mguu. Wewe waambie tu ndugu zako warudi kazini. Waambie huu ni mchanga, basi."

Mayala akatazama mbali. Kule nje ya uzio, barabarani, Lukresia alikuwa amesimama na mkoba kichwani karibu na baba yake. Mzee alikuwa anapungia bodaboda. Bodaboda ilikuwa inapunguza mwendo.

Nusu ya lundo. Akimwonyesha Mzee nusu ya lundo, nani ataondoka?

Akatazama chini. Nyuso za wenzake zilikuwa zimeinuliwa zote kumwelekea. Watu aliokula nao, aliovutana nao kamba kutoka shimoni, ambao jasho lao lilikuwa chini ya miguu yake sawa na lake.

Hakutazama sana.

"Ndugu zangu!" alipaza sauti. "Huu ni mchanga tu!"

Mnung'uniko.

"Sasa umeupandia nini?"

"Mtandao! Nilikuwa natafuta mtandao! Simu huko chini haishiki!"

Kijana mmoja akapanda nusu lundo na simu yake, akaitazama. "Kweli jamani, hapa inashika vizuri!"

"Na uliposema hushuki mpaka upate chako, chako ni nini?"

"Ujumbe wangu! Nilikuwa nasubiri ujumbe uingie!"

"Apa kwa Mungu!"

Mayala akainua mkono wake wenye sugu.

"Haki ya Mungu. Mchanga tu. Hauna hata punje."

Na Onesmo, akiwa nyuma ya karasha, akachomoza kichwa na kushindilia: "Mnamjua Katapila, hasemi uongo! Rudini mashimoni, wanangu! Ongezeni bidii! Mafanikio yanataka jasho!"

Mhamasishaji yule yule. Kichwa kile kile.

Umati ukaanza kulegea. Jamaa aliyekuwa anapima ardhi akaacha, akajifanya alikuwa ananyoosha miguu. Kule barabarani Mzee Ansgar, aliyesikia kiapo, aliirudisha bodaboda. Kwake yeye mwenye sugu akiapa kwa Mungu, porojo za mwenye kipaza sauti zimefutika. Akarudi ndani ya uzio, uso umekunjuka. Lukresia akamfuata, uso haujakunjuka hata kidogo.

Mayala alishuka akipepea. Alimsogelea Mama Blessing, ambaye alikuwa anavaa viatu vyake.

"Mama, nusu yangu tunaikata upande upi?"

"Nusu ya nini, mwanangu?"

"Ya... ya lundo, mama."

Mama Blessing akavua miwani ya jua. Macho yake yalikuwa mapole mno.

"Mayala. Si umeapa sasa hivi, kwa Mungu, mbele ya watu wote hawa, kwamba ni mchanga tu hauna hata punje? Nikupe nusu ya mchanga ukaufanyie nini? Hata hivyo asante, wabeja sana, mwanangu. Umenisaidia kazi." Akageuka. "Dereva! Sogeza tipa!"

Mayala alitazama tipa likisogea kwenye lundo. Hakuwa na lundo. Hakuwa na karasha. Wenzake alikuwa amewauza, na mnunuzi amekataa kulipa. Akamtafuta Lukresia kwa macho, akatamani asingemwona.

Lukresia alikuwa ametua mkoba chini.

"Jamani!" aliita. "Msiondoke kwanza!"

Waliokuwa wanaondoka wakageuka. Lukresia akapita katikati yao, akasimama mbele ya Mama Blessing, akapiga goti kidogo kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu."

"Mama, sote tumesikia kwamba huu ni mchanga tu. Baba yangu huyu hapa ni mwenyekiti wa ujenzi wa kigango chetu kule Ushirombo. Kuta zimesimama, bati lipo, sakafu imekwama. Waumini wanapiga magoti kwenye vumbi. Mchanga hawana." Akanyoosha kidole kwenye kibao cha getini. "Sasa, kwa kuwa wewe ni mtu wa Mungu na tipa lako ni hili hapa tupu, tunaomba tripu moja tu ya mchanga wako. Tripu moja, mama, sakafu ya kanisa."

Hata mbwa aliinua masikio.

Mchimbaji mmoja mkongwe akafanya ishara ya msalaba. "Mama, la Mungu hilo!"

"Toa, mama!" wakaitikia wengine. "Si mchanga tu!"

Mama Blessing akamtazama Lukresia. Akawatazama watu na sululu zao. Akisema hapana, lazima aseme kwa nini. Akisema kwa nini, lundo halitafika jioni. Hesabu hiyo aliifanya kwa kufumba na kufumbua. Hakuwa tajiri kwa bahati mbaya.

"Natoa," alisema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino bila ganzi.

Vigelegele! Kofia zikarushwa juu. "Wabeja, mama! Wabeja!" Mzee Ansgar akatoa leso, akapenga kamasi za furaha, akatangaza kwamba jambo kama hili haliwezi kupita bila sala. Akaanza kusali.

Onesmo pale alipokuwa alijishika kichwa, kile kiwanda chake, kwa mikono yote miwili.

Watu wakiwa wamefumba macho, Lukresia alimsogelea Mayala.

"Simama vizuri. Umekanyaga mchanga wa kanisa."

"Lukresia, nisamehe. Nilikuwa nafanya yote kwa ajili yako..."

"Ungeuza kaka zangu kumi kwa ajili yangu, ningekushukuru? Nyamaza unisikilize. Tipa hili halifiki Ushirombo. Njiani kuna plenti, wenyewe nawafahamu, huwa wananunua mabuti kwangu. Tunashusha huko, inalowekwa, na kitakachotoka kinarudi hapa kwa hawa uliowaapia uongo, na sakafu ya baba inajengwa kwa mchanga wa mtoni kama makanisa mengine. Ukilitimiza hilo, tutazungumza habari za kuoana. Usipolitimiza, utanisikia tu nimeolewa."

"Nifanye nini?"

"Unachojua. Chukua koleo, pakia."

Mayala hakuamini masikio yake. Kazi! Alichukua koleo kama mtu aliyerudishiwa mkono uliokatika. Mchanga ukaanza kuruka.

Sala ya Mzee Ansgar iliendelea. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya Mama Blessing, kwa ajili ya tipa, kwa ajili ya dereva na matairi. Akawakumbuka waasisi wa kigango, walio hai na waliotangulia, kwa majina na majina ya wake zao. Akaliombea bati.

"Amina," alisema hatimaye.

"Amina," aliitika Mama Blessing, na alipoinua uso, tabasamu la pipi lilikuwa limerudi mahali pake. "Mzee wangu, umenigusa moyo. Sadaka yangu hii nataka niione kwa macho ikifika. Nitawasindikiza."

"Utatusindikiza? Mpaka Ushirombo?"

"Mpaka kanisani. Tena saruji natoa mimi, mifuko yote. Tutaununua njiani mzigo huo, tuchanganye leo leo, tumwage sakafu nikiwa nimesimama hapo hapo. Mpaka ikauke, mzee. Sitaondoka mpaka ikauke."

"Mungu mkubwa!" Mzee alilia waziwazi sasa. "Panda mbele, mama! Panda!"

Lukresia akaelewa mchezo. Jasho la watu wote wa Nyamatundu, dhahabu ya tipa zima, kuchanganywa na saruji mbele ya macho yake, na baba yake mwenyewe ndiye mwenye mwiko!

Alihitaji muda. Nusu saa. Robo saa, apige simu, atafute hila, apasue tairi, chochote. Akakimbia hadi nyuma ya tipa, akamkamata Mayala mkono.

"Mayala, nisikilize! Kwa mara moja tu katika maisha yako, nakuomba kwa Mungu, fanya kazi polepole!"

Mayala akaegemea koleo. Alikuwa anatiririka jasho, anang'aa kwa furaha.

Nyuma yake tipa lilikuwa limejaa hadi juu, limesawazishwa, limefunikwa turubai, na kamba zote nne alishazifunga mwenyewe, fundo juu ya fundo.

Injini ikaunguruma. Kule mbele, Mama Blessing alikuwa ameshapanda pamoja na Mzee. Alichungulia dirishani, akapigapiga kiti kwa kiganja.

"Njoo, binti yangu," aliita. "Kaa hapa katikati yetu."